Jicho Linacheza: Acheni Kusubiri Msiba, Acheni na Matone ya Dukani

Mwezi huu maswali mengi yamehusu jambo moja, jicho kucheza. Nimechukua machache. Mengine yalikuwa yale yale niliyokwisha kuyajibu.

Shikamoo daktari. Kope yangu ya chini, jicho la kushoto, inacheza siku ya nne leo. Mama mkwe anasema nitalia. Nina hofu kwa sababu baba yangu amelazwa. (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Jicho lako halina habari za baba yako. Wengine husema kope ya juu ikicheza utaona mgeni, ya chini utalia. Ukienda mji wa pili unaambiwa kulia ni heri na kushoto ni shari. Kinachotokea ni hiki: jicho limezungukwa na msuli mwembamba unaolifumba, na nyuzi chache za msuli huo zinajikaza bila kuamriwa. Mara nyingi ni upande mmoja, tena kope ya chini, ndiyo maana watu wengi wanaishi na hofu ya msiba usiokuwepo. Hali hiyo huja na kuondoka kwa siku kadhaa, hata wiki chache, kisha hukoma yenyewe.

Sababu umeiandika mwenyewe: unauguza. Anayeuguza halali, anashindia chai, na roho iko juu juu. Uchovu, usingizi wa mang'amung'amu na wasiwasi ndivyo vinavyochezesha kope kuliko kitu kingine. Waombe ndugu wakupokee zamu usiku mmoja au miwili ulale.

Nina mtihani mwezi ujao, nasoma kwenye simu hadi saa nane usiku. Jicho linacheza. Nitumie dawa gani? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hukusema unakunywa nini ili ukeshe, na hilo ndilo ningeuliza kwanza. Ninyi mnaoandika "dawa gani" bila kusema limeanza lini, jicho lipi na mnalala saa ngapi, mnataka nijibu gizani. Kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu, mililita 250, kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80. Matatu kwa usiku mmoja ni 240, bado hujahesabu kahawa. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi 400 kwa siku, na kijana anatakiwa kuwa chini ya hapo sana. Mirungi na sigara navyo vinachochea.

Halafu kuna simu. Anayeikodolea macho hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, jicho linakauka, na jicho kavu huisumbua kope. Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Dawa uliyoniuliza ni usingizi.

Jicho likicheza sana, mtu anaweza kupofuka?

Kwa kucheza huko peke yake, hapana.

Mimi ni bodaboda. Jicho lilikuwa linacheza na kuwasha, dukani wakanipa matone, nikapona siku ya pili. Kila nikiacha linarudi. Huu ni mwezi wa tano. Niendelee? (Kahama)

Swali hili limeninyima raha. Kaka, wiki hii hii nenda kliniki ya macho, na hicho kichupa ukibebe. Usisubiri kiishe.

Sijaona dawa yako, lakini matone yanayotuliza mwasho upesi namna hiyo na kukurudisha dukani kila ukiacha, mara nyingi yana steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Soma boksi: ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, ndiyo hiyo. Mikononi mwa daktari anayepima jicho mara kwa mara, ni dawa nzuri sana. Ukijitibu nayo miezi mitano, inaweza kupandisha presha ya jicho polepole, bila maumivu, huku ikiua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho tunamtoa kwa upasuaji. Uoni ulioliwa na presha ya macho haurudi, si hapa wala ng'ambo. Na kama mwasho wako ulikuwa maambukizi ya virusi kwenye kioo cha jicho, steroidi huyapalilia.

Nimepokea vijana wameshikwa mkono na mama zao, na ndani ya mkoba kuna kichupa kama chako. Kope iliyocheza ingepoa yenyewe. Kilichowapofusha ni tiba. Ninyi mnaouza dawa, msimpe mtu matone hayo bila cheti. Na majumbani, acheni kuazimana vichupa, acheni kutia machoni maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani. Kichupa kikishafunguliwa, kwa matone mengi mwisho wake ni siku 28.

Kwa kazi yako, vaa miwani ya kukinga vumbi na upepo. Huenda ndicho kitu pekee ulichohitaji tangu mwanzo.

Vidonge vya magnesiamu vinasaidia?

Ushahidi ni hafifu. Kula maharage, mchicha na korosho, hela ya vidonge iweke.

Ilianza kope ya kulia mwaka juzi. Sasa shavu na pembe ya mdomo vinavutwa pia. Nimesomewa, nimepigwa nyungu, hakuna nafuu. (Mama wa miaka 52, Mombasa)

Dua endelea nayo, mama, lakini hii si kope ya uchovu. Mvuto unaoanzia jichoni ukateremka hadi mdomoni, upande ule ule, mara nyingi hutokana na mshipa wa damu kukandamiza mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso. Mtafute daktari wa mishipa ya fahamu, huenda akaagiza kipimo cha MRI, picha ya ndani ya kichwa. Kuna sindano za botulinamu zinazolegeza misuli hiyo, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na kuna upasuaji. Hali nyingine ya kumwona daktari ni macho yote mawili kujifumba kwa nguvu hadi unashindwa kuona njia. Mwenye hali hiyo asiendeshe chombo cha moto.

Mwanangu wa miaka 7 anapepesa macho ovyo. Mwalimu anamchapa akidhani ni utani.

Kesho nenda shuleni ukamzuie mwalimu. Mtoto hafanyi kusudi, na ukimkaripia huzidi. Apimwe kwanza kama ana mzio au anahitaji miwani. Vikikosekana hivyo, huenda ni mazoea ya misuli yanayowapata watoto wengi wa umri huo, na mara nyingi huisha yenyewe.

Daktari, mume wangu ameamka mdomo umepinda na jicho halifumbi. Majirani wanasema ni upepo mbaya. Tumkande?

Huyu nilimpigia simu saa ile ile. Jibu naliweka hapa kwa ajili yenu wengine: uso ukilegea ghafla, usikande, usisubiri jioni, usiniandikie. Nenda hospitali. Inaweza kuwa kiharusi, hasa mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika, na kila dakika ni sehemu ya ubongo. Inaweza kuwa mshipa wa fahamu wa uso umevimba tu, na hapo dawa hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72. Kuvitofautisha ni kazi ya daktari, si ya jirani. Hata akirudi nyumbani na dawa zake, jicho lisilofumba hukauka na kupata kidonda: mchana awekewe machozi bandia, usiku malhamu ya macho, kisha kope ifungwe taratibu kwa plasta.