Je, kunyamaza ndiyo amani ya Kristo?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mdogo wangu alinikopa fedha akaahidi kurudisha, na mpaka leo kimya. Sijamgombeza. Kanisani tunasalimiana vizuri, lakini akinipigia simu, nikiona jina lake naiacha iite mpaka ikatike. Mume wangu ananiambia ninyamaze tu ili tulinde amani. Je, hii ndiyo amani ya Kristo inayotajwa katika Wakolosai 3:15?

Jibu: Amina, dada yangu. Mumeo ana nia njema, ila simu usiyoipokea inaonyesha kwamba ugomvi upo, umefichwa tu.

Kabla ya kufika mstari wa 15, soma ule wa 13. Paulo anawataka waamini wachukuliane na kusameheana pale mtu anapokuwa na sababu ya kumlaumu mwenzake. Sababu hiyo anaikubali kabisa. Hakuna mahali anapomwambia aliyekosewa ajifanye hakukosewa.

Tena waraka huo ulipelekwa Kolosai na Tikiko, akiwa pamoja na Onesimo (4:7-9). Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, mtu ambaye nyumbani mwake kanisa lilikusanyika, na wengi huelewa kwamba alikuwa amemtoroka. Hebu fikiria waraka unasomwa, na wawili hao wanasikia kwamba wameitwa kwenye amani katika mwili mmoja. Wangeweza kusalimiana na kuyaacha yaishe hivyo. Paulo hakutaka yaishe hivyo. Alimwandikia Filemoni barua yake, ya mistari 25 tu, akamwomba ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, kisha akaligusa deni lenyewe: kama amekudhulumu au unamdai kitu, liandike juu yangu mimi, nitalipa. Mimi husimama hapo kila nisomapo barua hiyo. Upatanisho ulikuwa na gharama, na kuna mtu aliyejitolea kuibeba.

Kwa hiyo zungumza naye. Bwana alisema ndugu yako akikukosa, uende kwake, wewe na yeye peke yenu (Mathayo 18:15). Usianze kwa mama, wala kwa kikundi cha maombi. Mara nyingi kosa la mtu huenezwa kwa jina la kumwombea. Akipiga tena, pokea, msalimie, umwombe mkutane. Ukiwa bado na hasira, ngoja kwanza uombe. Mkikutana, taja deni waziwazi, umuulize hali yake, kisha umsikilize. Huenda anaona aibu, naye anaogopa kulitaja kama wewe.

Hana cha kulipa? Mpe muda, au umsamehe deni lote, na ukisamehe umwambie kwa kinywa chako ili asibaki na mashaka. Akikataa hata kuzungumza, Warumi 12:18 inakutaka ukae kwa amani kwa upande wako, kadiri inavyowezekana. Upande wake hutaulizwa wewe. Na akikuomba mkopo mwingine, unaweza kumwambia hapana kwa upole, bila kuvunja undugu wenu.