Atachimenti kwenye ofisi ya bima

Dada, umeuliza kwa nini wanafunzi wa atachimenti (mafunzo ya kazini) hapo ofisini kwako Malindi hawarudi kwenye bima wakimaliza chuo. Nami nikuulize: huwa wanafanya nini humo? Kama ni fotokopi na chai, ungerudi wewe?

Mpe kijana dai moja la gari lililogongwa. Alifuate tangu ripoti ya polisi, picha za bampa lililopasuka, makisio ya gereji, hadi mwenye gari alipwe. Anayetoka Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi, mpe nauli. Matatu si bure. Aliye hodari mlipie mtihani wa cheti cha uwakala, maana bila hicho hasajiliwi. Malengo ya mauzo usimpe kabisa: atawauzia shangazi zake, kisha atoweke.