Barua kwa mwanangu: beji ya shaba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na picha ya ile beji ya shaba ya mtumwa uliyoiona makumbusho ya Charleston, kusini mwa Marekani, nimekesha naikodolea macho. Umeniuliza: mfanyabiashara wa Kusini alipomlipia mtumwa wake kodi, si ndiyo serikali ilikuwa inakiri kwamba yule ni mtu?

Hapana, mwanangu. Miaka yangu yote kazini nimeshika vitabu vya hesabu, najua mtu anavyoweza kuandikwa kama gunia. Tazama kodi ya 1798. Serikali ya Marekani ilitoza nyumba, ardhi na watumwa: senti 50 kwa kila mtumwa, ila awe amepita miaka 12 na hajafika 50, na asiwe na kilema cha kumzuia kufanya kazi. Mtoto wa miaka 10 hakusamehewa kwa huruma. Walikuwa bado hawajaanza kumvuna, basi. Na Katiba yao ilikwisha kuwahesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu katika kugawa viti vya bunge na kodi za namna hiyo. Viti wakakalia mabwana.

Mfanyabiashara wa mjini hakuhitaji shamba ili awe na watumwa. Alikuwa na ghala, nyumba, na watu wa kumpikia na kumbebea marobota ya pamba. Wengine aliwakodisha, ujira wao akautia mfukoni. Akitaka mkopo, aliwaweka rehani. Akifilisika au akifa, unaitishwa mnada, mama anakwenda huku na mtoto kule.

Hao wa kukodishwa ndio waliovaa beji. Bwana aliilipia manispaa ya Charleston kila mwaka. Nimeikuza picha yako: jina la mji, kazi yake mchukuzi, namba, mwaka, na tundu la kupitishia kamba. Jina lake halimo. Kila mwaka manispaa ilipokea fungu lake la jasho la mchukuzi yule, kwa stakabadhi halali, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na usidhani ni ya huko tu. Forodha ya Unguja nayo ilitoza ushuru kwa kila mtumwa aliyeshushwa, mpaka biashara ile ilipopigwa marufuku mwaka 1873.

Ukitaka kuendelea, tafuta orodha za watumwa za sensa ya 1850 na ya 1860. Jina la bwana limeandikwa kamili. Chini yake ni umri, jinsia, rangi. Umri, jinsia, rangi, mstari kwa mstari. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4, na walio wengi mno hawakuandikwa majina.

Ukipata nafasi rudi makumbusho. Mwanga umeipiga ile namba kwenye picha, sikuweza kuisoma yote. Niandikie.

Mama yako