Jibu: Je, kuta za ulinzi ziliwahi kufaa?

Mkuu, umeuliza kama kuta za ulinzi ziliwahi kufaa au zilikuwa hasara tupu, ukatoa mfano wa Ukuta wa China kuwa ni hasara. Hapo sikubaliani nawe. Mwaka 1644 Wamanchu, wavamizi kutoka kaskazini-mashariki, hawakuuvunja ukuta ule. Jemadari wa China, Wu Sangui, ndiye aliyewafungulia lango lake la Shanhaiguan. Sasa kosa ni la ukuta au la mwenye ufunguo?

Tazama Constantinople, Istanbul ya leo. Kuta zake za upande wa nchi kavu zilijengwa karne ya 5: kwanza handaki, kisha ukuta wa nje, halafu wa ndani wenye kimo cha mita 12 hivi. Adui akivuka wa nje anajikuta amebanwa chini ya wa ndani, mishale inamnyeshea kutoka juu. Waavari, wavamizi kutoka kaskazini, walishindwa mwaka 626, Waarabu nao mwaka 717 hadi 718. Wapiganaji wa msalaba walioingia mwaka 1204 walipitia upande wa bahari, si huku. Mpaka Mehmed II, sultani wa Waturuki wa Osmani, alipoleta mizinga mikubwa mwaka 1453, na hata yeye alikaa wiki saba nje. Miaka elfu moja, halafu tuite hasara?

Ngome za Maginot, zile za Ufaransa mpakani na Ujerumani, nazo watu huzicheka mno. Mwaka 1940 Wajerumani walizikwepa wakapita msitu wa Ardennes, upande wa Ubelgiji. Kuwalazimisha wazunguke ndilo lililokusudiwa. Kilichokosekana ni jeshi la kutosha kule walikozungukia.