Kufuatilia ligi ndogo ya kikapu cha vyuo msimu mzima: niliyojifunza hapa Minnesota, na kosa langu la mwezi wa kwanza

Wiki iliyopita nimepata meseji ya dada mmoja yuko Ohio, mdogo wake wa kiume kapata nafasi chuo kidogo huko na ameingia timu ya kikapu, anauliza "kaka, wewe unafuatiliaje hizi ligi ambazo hakuna mtu anazizungumzia, na mimi nianzie wapi?" Nilitaka nimjibu palepale inbox ila jibu likawa refu, na msimu wenyewe umeisha juzi tu, bado unaniuma, nikaona bora niandike hapa. Najua wengi mnaonisoma mko huku majuu na mna watoto, wapwa na wadogo wanaocheza au mnaotamani wacheze, kwa hiyo hili ni letu wote.

Niliyoifuatilia mimi ni MIAC, konferensi (yaani ligi) ya vyuo vidogo vya hapa Minnesota, ipo tangu 1920. Augsburg, Hamline, Macalester na Bethel wako huku mjini Minneapolis na St. Paul na viunga vyake. Carleton na St. Olaf wako mji mmoja mdogo unaitwa Northfield, yaani mahasimu wanaonunua maziwa duka moja. Gustavus Adolphus wako St. Peter, Saint John's wako Collegeville katikati ya misitu na maziwa, halafu kuna wa mbali, Saint Mary's kule Winona kando ya mto Mississippi, St. Scholastica kule Duluth kwenye Ziwa Superior, na Concordia kule Moorhead mpakani na North Dakota, masaa matatu na nusu hivi kama barabara haina theluji. Mpwa wangu anacheza kwenye kimojawapo. Sitakitaja, mwenyewe kaniomba, na mkifika chini mtaelewa kwa nini siku hizi ombi lake nalishika kama amri.

Sasa kuna kitu lazima kieleweke mapema. Ndugu zetu nyumbani ukiwaambia mtoto anacheza kikapu chuo Marekani, hapohapo wanamuona Hasheem Thabeet. Na siwalaumu, kijana wa Dar kaenda UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2 kwenye drafti ya NBA, yaani pale timu zinapochagua wachezaji wapya, nani asingeota? Lakini hii ni Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ina vyuo zaidi ya 400, na kanuni yake ni kwamba hakuna udhamini wa michezo hata senti moja. Dogo anasaidiwa ada kwa sababu ya kipato cha familia na matokeo yake ya darasani, kipande kingine ni mkopo, na kipande kingine ni shifti zangu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kikapu hakimlipii chochote. Anaamka alfajiri baridi inakata masikio anaenda jimu kwa sababu anapenda, basi. Mimi hilo lilinichukua miaka 2 kuliingiza kichwani, wewe dada wa Ohio liingize leo.

Na sio kwamba hakuna vipaji. Devean George alitokea Augsburg, chuo kiko jirani na Cedar-Riverside ambako sisi watu wa Afrika Mashariki tumejaa, hasa ndugu zetu Wasomali, na Lakers walimchukua namba 23 mwaka 1999 akaja kuvaa pete 3 za ubingwa mfululizo. Ila ukimfuatilia mtoto kwa kusubiri awe George utateseka bure, na utamtesa na yeye.

Haya, mnataka ushauri. Wa kwanza: nenda uwanjani. Mechi karibu zote zinarushwa mtandaoni na takwimu zinaenda laivu, hilo ni zuri, lakini kwenye simu utaona mpira tu. Uwanjani unakaa hatua 4 kutoka kwenye benchi, unasikia kocha anavyomwita mtu jina, unasikia viatu vinavyolia sakafuni. Mimi nimekulia kwenye viwanja vya Don Bosco Upanga, nimezoea kuangalia kikapu huku jasho la wachezaji linakurukia, na ile ladha sikuipata tena Marekani mpaka nilipoanza kwenda kwenye hivi vyuo vidogo. Anza na vya mjini. Hamline na Macalester wote wako Snelling Avenue, basi la A Line linakushusha, huhitaji hata gari. Hamline ndiko wanakosema ilichezwa mechi ya kwanza ya kikapu kati ya vyuo viwili, tarehe 9 Februari 1895, wachezaji 9 kila upande, na wenyeji wakafungwa 9-3 na shule ya kilimo. Macalester ndiko alikosoma Kofi Annan, kamaliza 1961. Mimi nikikaa kwenye zile kuta najisikia niko sehemu yenye uzito, sio sehemu ya "kachuo" kama wanavyoita baadhi yenu kwenye magrupu.

Wa pili: usiamini Novemba. Timu inacheza mechi 25 hivi, 20 ndo za konferensi, kila mtu anakutana na kila mtu nyumbani na ugenini, zile nyingine za mwanzo wanacheza na yeyote. Ndo maana mnakumbuka yule Jack Taylor wa Grinnell pale Iowa aliyefunga pointi 138 mechi moja, ilikuwa Novemba 2012 na mpinzani alikuwa chuo kidogo cha Biblia. Pointi ni pointi, ila hazikwambii Januari itakuwaje. Sisi Novemba tulikuwa tunatamba, mi mwenyewe nikaandika kwenye grupu la familia "mwaka huu ni wetu". Disemba wakaingia mitihani, Krismasi, tukapoteana. Januari ndo ligi yenyewe. Jumatano na Jumamosi, Jumatano na Jumamosi, theluji mpaka magotini, vijana wana mafua, na kocha wa mpinzani alishakuangalia video mara 10 anajua kijana wako akibanwa anaenda mkono upi. Ukitaka kujua timu ina nini, angalia Jumatano ya Januari ugenini. Nimesema nenda uwanjani, narudia, nenda uwanjani.

Kuna mzee mmoja mzungu anakaa safu ya nyuma kabisa, ana daftari na penseli, kaanza kuja kabla mimi sijazaliwa. Huyo ndo alinifundisha kuhesabu faulo za mrefu wa upande wa pili, maana akifikisha ya 4 mapema mchezo mzima unageuka, kwenye hivi vyuo warefu wa maana hawazidi wawili kwa timu. Mpaka leo hajasamehe St. Thomas kuondolewa. Kwa msiojua, St. Thomas walikuwa MIAC, wakabeba ubingwa wa taifa wa Divisheni ya Tatu 2011 na 2016, na kwenye futiboli ya Kimarekani waliwahi kuwafunga St. Olaf 97-0, mwaka 2017. 2019 ikatangazwa wanatolewa kwenye konferensi, na 2021 wakaruka moja kwa moja mpaka Divisheni ya Kwanza. Wengine wanasema ilikuwa haki kwa sababu walikuwa wakubwa mno. Mimi naona walikosea. Ukimfukuza mbabe, siku ukishinda utajipimaje? Simba leo wangemfukuza Yanga ligi ingebaki na utamu gani?

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikutaka kuliandika.

Mama yake dogo ni dada yangu, yuko Tabata, Dar. Mechi ya Jumatano saa moja jioni hapa kule ni saa kumi alfajiri. Dada anaweka alamu, ananunua bando jioni kabla, anajifunika khanga yeye na simu ili mwanga usiwaamshe wengine, halafu ananiandikia "yuko wapi?" na mimi namjibu "wa tatu kutoka mwisho wa benchi." Mwaka wa pili huo, dogo mechi nyingi haingii kabisa. Mimi moyoni nikajiambia namuonea huruma dada, anaunguza bando kumwangalia mtoto aliyekaa.

Januari tukafungwa nyumbani kwa pointi 2. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku sijalala, nimekaa pale namwangalia dogo, kila kocha akigeuka kuangalia benchi anaivuta ile fulana ya kupashia mpaka kifuani, tayari kuivua, kocha anamwita mwingine, anaishusha. Nilihesabu mara 5. Ya 5 hata hakuivuta, alishika pindo tu. Mechi ilivyoisha nikamsubiri kocha kwenye korido penye kabati la makombe, nikamwambia dogo anafunga mitupo ya pointi tatu kuliko namba fulani unayemng'ang'ania, na namba nikaitaja. Kocha alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante kwa kuja. Nikageuka, baba wa yule namba fulani amesimama nyuma yangu kashika koti la mwanae. Hakusema neno. Na nyuma yake dogo, kaoga tayari, begi begani.

Siku 19 hakupokea simu yangu.

Dada ndo alipiga, sio kwa kugomba, alikuwa mpole na upole wake ndo uliniumiza. "Kaka, mwanangu anasema umemdhalilisha mbele ya wenzake. Mimi naamka saa kumi kumuona yuko na watu wake, yuko salama, anacheka. Nani alikwambia naamka ili nione anafunga?" Nilikosa jibu, na mpaka leo sina.

Jamani, wajomba, mashangazi, wazazi, naomba tusikilizane. Usimfuate kocha. Usimfuate kocha hata kama una uhakika, hata kama wewe ulicheza, hata kama ni ada yako. Mtoto kwenye Divisheni ya Tatu amechagua mwenyewe kukaa kwenye lile benchi bila kulipwa na kupiga makofi kwa ajili ya mwenzake, hiyo ni heshima yake aliyoijenga kila alfajiri, na wewe unaingia na viatu vyako vya theluji unaikanyaga kwa dakika 3. Tumetoka mbali, tumebeba maboksi, tunataka kila shilingi tuliyotoa ionekane kwenye ubao wa matokeo. Mtoto hakutukopa. Mnielewe, naandika haya nikiwa bado na aibu, yule baba mwenye koti nikikutana naye nashindwa kumwangalia usoni, na nimeshaamua msimu ujao siku ya kwanza kabisa nitamfuata nimuombe msamaha.

Msimu wenyewe niwape kwa kifupi. Timu 6 za juu ndo zinaingia mtoano mwishoni mwa Februari, bingwa wa mtoano anapata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa yenye timu 64, wengine wanabaki kuomba nafasi chache za kuteuliwa. Sisi tukamaliza wa 7. Tulilingana ushindi na wa 6 ila wao walitufunga nyumbani na ugenini, ndo ikaisha hivyo. Ile pointi 2 ya Januari ilikuwa ni wao. Nisiseme nimeisahau, sijaisahau. Mwaka 2025 Trinity ya Connecticut walivyobeba kombe pale Fort Wayne, Indiana, wakiwafunga NYU (Chuo Kikuu cha New York) 64-60, nilikaa naangalia nikisema nasi siku moja, na bado nasema.

Moorhead nilienda peke yangu mwezi wa pili. Baridi nyuzi 26 chini ya sifuri, dogo alikuwa ameshaanza kunijibu meseji kwa neno mojamoja. Nikakaa juu kabisa kwenye kona, mbali na benchi, koti sikuvua. Zimebaki dakika 2, tuko nyuma pointi 17, kocha akageuka, fulana ikavuliwa. Alipata mpira kona ya kushoto akatupia tatu, ukagonga ringi ukatoka. Baadaye kidogo akadaka ribaundi 1. Mwisho wa mechi karatasi ya takwimu ikaandika hivyohivyo: dakika 2, mitupo 0 kwa 1, ribaundi 1. Kabla sijafika kwenye gari dada kashaikata ile karatasi kaiweka status, kazungushia jina la mwanae kwa wino mwekundu.

Dogo alinifuata pale nje kabla basi la timu halijaondoka, kichwa kinatoka mvuke, akanikumbatia na lile begi lake. "Mjomba, endesha polepole, wanasema Fergus Falls kuna barafu."

Kwa hiyo dada wa Ohio, tafuta ratiba ya chuo cha mdogo wako, chagua mechi 3 za nyumbani za Januari, nenda, kaa, piga makofi, mpelekee chakula, rudi. Ratiba mpya ya huku ikitoka nitaiweka hapa. Dada yangu ameshauliza kama mwakani Jumatano wataanza saa ileile, anataka kujua alamu aiache au aibadilishe.