Perege wa Igombe wanadonoa tu, hawanasi
Mkuu, umeuliza kwa nini perege wa bwawa la Igombe, hapo Tabora, wanamaliza chambo na ndoano namba 4 inarudi tupu. Hiyo ni kubwa mno kwa mdomo wa perege. Chukua namba 10 au 12 (namba ikipanda, ndoano inapungua). Nyungunyungu usimning'inize mzima: kata kipande cha sentimita 2 hivi, kivishe hadi karibu na ncha. Mkia ukibaki unapepea, ndio huo perege anaounyofoa. Boya nalo likiwa kubwa anahisi uzito, anatema; kipande cha bua kavu la mtama kinatosha, na chubwi (kizito cha kuzamisha chambo) ndogo tu. Boya likichezacheza, tulia. Likianza kutembea upande au kuzama, inua ufito taratibu. Ukikwapua, mdomo unachanika.