Waandaa programu watatu hawatoshi

Ndugu wa Arua, Uganda, nimekuelewa: mko watatu, nyote waandaa programu za kompyuta, mnataka shirika lisilo la faida la kufundisha hesabu kwa michezo, na hamjui mmwongeze nani. Mwongezeni mwalimu wa darasani, tena alipwe. Institute of Play ya New York, iliyoanzishwa 2007, iliwaketisha walimu na wabunifu wa michezo meza moja. Ndivyo shule ya Quest to Learn ilivyozaliwa, ikafunguliwa 2009.

Simu ziacheni kwanza. Chukueni ubao wa omweso, mchezo wa bao wa Uganda: safu 4 za mashimo 8, kete 64. Mtoto akitia kete 2 kila shimo, ameshika 4 × 8 × 2 kwa vidole vyake. Jaribuni na watoto sita, wawiliwawili, nanyi mkae kimya mkiandika wanapokwama. Wakiwa wanne kwa ubao mmoja, mwepesi huhesabu peke yake, wengine hutazama. Msitoe pointi kwa kasi, watabahatisha tu. Mpeni anayeeleza alivyolipata jibu.

Usajili huanzia URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kisha kibali cha NGO (shirika lisilo la kiserikali), Wizara ya Mambo ya Ndani. Katiba ya shirika mpelekeeni wakili, hasa kifungu cha nani anamiliki michezo mmoja wenu akijitoa.